Sifa Anapewa Marehemu: George Szell na Okestra ya Cleveland

Christoph von Dohnányi aliiongoza Okestra ya Cleveland kuanzia 1984 hadi 2002, na katika miaka hiyo alikuwa na utani wake mmoja: sisi tunapiga tamasha zuri, kisha George Szell anaandikwa vizuri gazetini. Szell, aliyekuwa mwongozaji wa okestra hiyo kabla yake, alikuwa amefariki tangu Julai 1970. Mtu akipewa kiti kikubwa hutegemea kupambana na wanaokimezea mate. Dohnányi alipambana na aliyelala kaburini, na kwa maneno yake mwenyewe, mara nyingi marehemu ndiye aliyeshinda.

Mimi ni msikilizaji tu. Nimewahi kuimba kwaya, sauti ya tatu, chini ya mwalimu aliyeweza kusimamisha wimbo mzima kwa sababu ya konsonanti moja iliyochelewa, kwa hiyo habari za waongozaji wakali hazinipiti hivihivi. Nimezisikiliza rekodi za Szell kwa miaka mingi na kusoma visa vyake vingi, na kila mara najikuta nikiuliza: ukali ule ulizaa nini hasa? Kwa sababu visa vyenyewe vinachekesha mkiwa mmekaa mezani. Aliyekuwa ameshika fidla siku hiyo, huku jasho likimtoka kwapani, sidhani kama alicheka.

Alizaliwa Budapest mwaka 1897, akakulia Vienna. Alikuwa mtoto wa ajabu kwenye piano, na akiwa na miaka 11 alikuwa tayari anazungushwa miji ya Ulaya apige mbele za watu. Kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa Berlin, msaidizi wa mtunzi Richard Strauss kwenye opera ya kifalme. Kisa kinachosimuliwa sana cha enzi hizo ni kwamba Strauss alisubiriwa kurekodi kazi yake *Don Juan*, akachelewa, na kijana Szell akaambiwa apande aanze. Akaongoza sehemu ya kwanza. Strauss alipofika akasikiliza, akaona hakuna sababu ya kurudia, akamalizia zilizobaki. Santuri ikauzwa kwa jina la Strauss peke yake.

Baada ya hapo alipita Strasbourg, Darmstadt, Düsseldorf, Berlin tena, kisha Prague kwa miaka kadhaa, halafu Glasgow. Vita vilipolipuka Ulaya mwaka 1939 alikuwa safarini akitokea Australia, akaishia New York, na huko akabaki. Nimeipitia haraka safari hiyo, ila kuna jambo ndani yake linalofaa kukumbukwa. Szell alilelewa kwenye nyumba za opera za Ulaya ya kati, na kule mwongozaji alianzia chini kabisa: akiwafundisha waimbaji nyimbo kwa piano, akisahihisha makosa kwenye karatasi za nota kwa mkono, akimshika mwimbaji aliyepotea njia katikati ya onyesho. Aliweza kukaa kwenye piano na kupiga nota za okestra nzima bila kuzitazama. Kwa hiyo alipomdai mtu kitu, alikuwa anadai alichokwisha kujidai mwenyewe. Hilo halimtakasi, lakini linamtofautisha na mkali wa kawaida, ambaye hufoka kuficha kwamba hakujiandaa.

Cleveland ilimwajiri mwaka 1946. Ulikuwa mji wa chuma na viwanda kando ya Ziwa Erie, katika jimbo la Ohio. Okestra ilikuwa imeanzishwa mwaka 1918 kwa juhudi za mwanamke mmoja asiyechoka, Adella Prentiss Hughes, na ukumbi wake, Severance Hall, ulifunguliwa mwaka 1931 kwa fedha za John Severance, ambaye utajiri wa familia yake ulitokana na mafuta ya Standard Oil. Haikuwa okestra mbaya. Artur Rodziński na Erich Leinsdorf walikuwa wameshaipitia. Lakini Mmarekani akitaja okestra kubwa alitaja New York, Boston na Philadelphia, basi. Szell kabla ya kutia saini alitaka mamlaka yote mkononi: nani aajiriwe, nani aondoke, nini kipigwe, mazoezi yawe vipi. Akapewa. Akasema ataifanya okestra isiyozidiwa na yoyote. Nadhani wapo waliotabasamu.

Akaanza na watu. Wengine waliondolewa, wengine waliondoka wenyewe walipoona upepo unakoelekea, na waliokuja badala yao walichaguliwa mmoja mmoja. Josef Gingold akawa kiongozi wa fidla kuanzia 1947. Robert Marcellus akashika klarineti ya kwanza mwaka 1953, na Myron Bloom akaja kwenye pembe muda mfupi baadaye. Majina haya kwa msikilizaji wa kawaida hayasemi kitu, ila waulize wapiga klarineti kuhusu Marcellus na uangalie nyuso zao.

Kisha yakaja mazoezi, na hapa naomba nikae kidogo.

Nota yoyote ina mwanzo, kati na mwisho. Okestra nyingi nzuri hukubaliana juu ya mwanzo. Wote huanza pamoja, na mwenye sikio la kawaida husema wamepiga sawasawa. Szell alikuwa akiuliza habari za mwisho. Nota hii inaishia wapi? Je, fidla za pili zinaiachia pale pale zinapoiachia fidla za kwanza? Oboe, ala ya kupuliza kama klarineti, inapomaliza sentensi yake ya muziki na kumkabidhi mwenye klarineti, je, huyu anaipokea kwa uzito ule ule, au anaanza hotuba yake mpya? Nyimbo za Mozart na Haydn zimejaa makabidhiano ya namna hiyo, na kwenye rekodi nyingi za zamani unasikia viungo vyake kama nguo iliyoshonwa haraka. Kwenye rekodi za Cleveland za miaka ya 1960 mshono hauuoni. Sauti inatoka kwenye ala moja kwenda nyingine, na wewe unakumbuka tu kwamba kuna mtu alikuwa anasema na bado anasema.

Hayo hayaji kwa kipaji. Karatasi za wapiga fidla zilijaa alama za wapi upinde ushuke na wapi upande, zilizowekwa kabla mtu hajaketi. Hata vifungu vinavyochukuliwa kuwa rahisi, vile ambavyo kwingine hupitwa kwa kuwa kila mtu anavijua, vilipigwa polepole, kikundi kimoja kimoja, hadi kila mmoja ajue jirani yake anafanya nini. Szell mwenyewe anatajwa kusema kwamba Okestra ya Cleveland hupiga matamasha saba kwa wiki, na umma huruhusiwa kuingia kwenye mawili ya mwisho. Inasikika kama majigambo, lakini waliokuwamo walikuwa na malalamiko yale yale kwa maneno mengine: walitoa kila kitu mazoezini, hadi wengine wakahofia kwamba usiku wa tamasha hakikubaki kitu cha kutoa.

Alichokitaka, na alikisema wazi, ni watu mia wapige kama wanne. Katika kundi la watu wanne, fidla mbili, viola na selo, hakuna mwenye fimbo ya kuongozea. Wanasikilizana. Anayeongoza anabadilika kila baada ya sekunde chache, na kila mmoja anajua zamu ni ya nani. Sasa tazama maajabu yake. Mtu aliyetawala kwa mabavu, aliyetaka kauli yake iwe ya mwisho kwenye kila jambo, alitumia miaka 24 kujenga kundi ambalo ustadi wake wote ni kujiendesha bila kungoja amri. Sijui kama aliliona hilo. Mimi naliona ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyaacha.

Maana utawala wake haukuwa na mipaka. Inasimuliwa kwamba aliwaelekeza wapiga selo watumie kidole gani, na mpiga ngoma atumie fimbo zipi, hata ikawa wafagiaji wa ukumbi nao wanapewa mawaidha juu ya namna ya kupiga deki. Alikuwa mpishi hodari, na ole wake aliyemwalika chakula. Miwani yake ilikuwa minene, na macho nyuma yake, wanasema waliokuwa mbele yake, yalionekana makubwa kuliko ya binadamu. Walimpa jina la utani la Daktari Cyclops, kama lile jitu la jicho moja la hadithi za Kigiriki. Rudolf Bing, aliyekuwa bosi wa Metropolitan Opera ya New York na aliyegombana naye vibaya, aliambiwa siku moja kwamba adui mkubwa wa Szell ni Szell mwenyewe. Bing akajibu: si wakati mimi ningali hai.

Tunacheka, sawa. Lakini mwaka 1965 mpiga oboe wake wa kwanza, Marc Lifschey, mmoja wa wapigaji bora nchini Marekani wakati huo, alipoteza kazi baada ya ugomvi na Szell. Okestra ya San Francisco ikampokea kwa mikono miwili. Hiyo ilikuwa kwa mtu mwenye jina. Wale wa viti vya nyuma walioambiwa mkataba wao hautaongezwa hawana visa vinavyosimuliwa mezani. Zama hizo mwongozaji alikuwa na nguvu ambazo leo hakuna mwajiri wa okestra Marekani anayeziota. Wanamuziki hata mikataba yao wenyewe mara nyingi hawakuwa na kura ya kuikubali au kuikataa. Mwaka 1962 wachezaji wa okestra mbalimbali za Marekani na Kanada walianzisha umoja wao, ICSOM, na ukisoma madai yao ya mwanzo utaona sura ya Szell, na ya Fritz Reiner wa Chicago, na ya wengine wa rika lao, kati ya mistari. Huo nao ni urithi. Wakali wale waliwafundisha wanamuziki kujipanga.

Na bado mtu huyo huyo, mwaka 1961, alikuwa ziarani na okestra yake ikatakiwa kupiga Birmingham, Alabama. Miaka minne kabla, mwaka 1957, alikuwa amemwajiri mpiga selo Donald White, Mmarekani mweusi wa kwanza katika okestra hiyo. Sheria za Birmingham zilikataza watu weusi na weupe kutumbuiza pamoja jukwaani. Wenyeji wakataka White asipande. Szell akasema anapanda, au okestra nzima haipandi. White akapanda. Sikitaji kisa hiki ili kumwosha. Ninachosema ni kwamba ugumu ule wa shingo ulikuwa mmoja: ule uliomtesa Lifschey ndio uliosimama na White. Ukitaka kumgawa Szell mafungu mawili, zuri huku na baya kule, kisu hakiingii.

Nadhani hapo ndipo wengi wanaomsifu wanapoteleza. Wanasema: ona alivyokuwa mkali, ona okestra ilivyokuwa, hesabu imekwisha. Ningekubali kama okestra ingeporomoka alipokufa. Haikuporomoka. Pierre Boulez aliishika kama mshauri wa muziki kuanzia 1970 hadi 1972, na Boulez alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyefoka, aliyesahihisha kosa kama mhasibu anavyokuonyesha tarakimu. Wakamchezea kwa usahihi ule ule. Lorin Maazel akaja na vitu vyake. Dohnányi akaja. Franz Welser-Möst akashika mwaka 2002 na yuko hadi msimu wa 2026 na 2027. Mtu anaweza kunijibu, na ni jibu zuri, kwamba Boulez alirithi watu waliochujwa na Szell, kwa hiyo alikuwa anakula shamba la mwenzake. Kwa Boulez, ndiyo. Lakini kufikia miaka ya Welser-Möst waliowahi kukaa chini ya Szell walikuwa wamestaafu karibu wote, na bado magazeti ya Ulaya, okestra hiyo ikizuru huko, yanaandika maneno yale yale: uwazi, kusikilizana, makabidhiano. Hofu hairithishwi kwa mtu ambaye hakumwona anayeogopwa. Tabia ya kusikiliza inarithishwa, kwa sababu mgeni akiketi kwenye kiti chake cha kwanza, aliye kando yake haachii nota mpaka pale inapotakiwa kuachiwa, na mgeni akizidisha, anajisikia mwenyewe yuko uchi.

Wengine waliibeba nje. Gingold aliondoka 1960 akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Indiana, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni mpiga fidla Joshua Bell. Marcellus alifundisha Chuo Kikuu cha Northwestern. John Mack, aliyekikalia kiti cha Lifschey, alifundisha oboe Cleveland kwa miongo kadhaa. Robert Shaw, aliyekuwa msaidizi wa Szell na mlezi wa kwaya ya okestra, alikwenda Atlanta mwaka 1967. Gingold hasa anakumbukwa kwa upole, mwalimu aliyewapenda wanafunzi wake waziwazi. Alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwenye fimbo ya Szell kwa miaka 13, akachukua usikivu, akaacha ukali ulipo.

Hata ukumbi una sehemu yake katika hadithi. Severance Hall ya mwanzo ilikuwa na mazulia na mapazia yaliyomeza sauti, na Szell hakuvumilia. Mwaka 1958 akafanya jukwaa lijengewe kuta mpya za kurudisha sauti, ambazo watu wakaziita gamba la Szell. Kazi yake ziliifanya vizuri. Ila kinanda kikubwa cha ukumbi, chenye mabomba zaidi ya 6,000, kilifungiwa nje ya gamba hilo, kikabaki hakisikiki inavyopasa kwa miongo kadhaa. Ukumbi ulipokarabatiwa na kufunguliwa tena Januari 2000, gamba lilikuwa limeondolewa, na kinanda nacho kikarudishwa.

Kuhusu rekodi zenyewe, lawama ya zamani ni kwamba Szell ni baridi: kila kitu kimenyooka, hakuna moyo. Naielewa lawama hiyo, na kwenye baadhi ya rekodi zake za Beethoven naikubali. Kuna mahali unatamani mtu apumue. Na wanaomwita mtumwa mwaminifu wa maandishi wanasahau kwamba alipunguza na kubadilisha ala kwenye simfoni za Schumann alipoona hazisikiki vizuri, na kwamba kwenye *Konseti ya Okestra* ya Bartók alikata kipande cha sehemu ya mwisho, akaruka tu, kana kwamba mtunzi alikosea. Bartók alikuwa ameshakufa, hakuweza kumjibu. Unyenyekevu mbele ya mtunzi una kiwango chake kumbe.

Lakini sikiliza konseti ya klarineti ya Mozart aliyorekodi na Marcellus mwaka 1961, sehemu ya pili. Okestra inasogea nyuma ya klarineti bila kuikanyaga, kwa sauti ndogo sana ambayo haitetemeki. Sauti ndogo isiyotetemeka ni ngumu kuliko kelele, mwimbaji yeyote wa kwaya atakwambia. Au tafuta tamasha la Tokyo la Mei 1970, lililorekodiwa mbele ya watu. Szell alikuwa mgonjwa wa saratani, na miezi miwili tu ilikuwa imebaki. Simfoni ya pili ya Sibelius ile, ikifika mwisho, si muziki wa mtu baridi. Okestra inapanda na kupanda, na mambo yale yote ya miaka 24, miisho ya nota, makabidhiano, mizani kati ya ala za shaba na za nyuzi, yapo, ila hakuna anayeyafikiria tena.

Kwa asiyewahi kumsikia, ushauri wangu ni kutoanzia huko. Anzia kwa Haydn, Simfoni ya 93, ile iliyorekodiwa Cleveland mwaka 1968. Sehemu ya pili ni ya polepole, ya heshima, na karibu na mwisho inazidi kufifia, fidla na filimbi zikiitana kwa adabu hadi unadhani muziki umesinzia. Halafu basuni, ile ala ndefu ya mbao yenye sauti nzito, inatoa nota moja chini kabisa, kwa nguvu, ambayo inafanana na kile ambacho mtu mzima hukijutia akiwa kanisani. Haydn aliiandika hivyo makusudi. Waongozaji wengi huona haya na kuipunguza makali ili ipite kistaarabu. Szell hakuipunguza. Ipo kwenye rekodi yake chafu kabisa, imewekwa mahali pake hasa, na bila shaka ilifanyiwa mazoezi.